Bega la Njia ya Tano

Habari ilimfikia Mwalimu akiwa kwenye korido ya nyuma ya ukumbi, anafunga vifungo vya jaketi lake jekundu la waamuzi. Mmoja wa wasaidizi wa mwanzishaji mbio alikuwa ameshikwa na tumbo, yuko chumba cha huduma ya kwanza amejikunja anaita majina ya wahenga wake.

"Utashika nafasi yake," Mkuu wa Waanzishaji alimwambia huku akipita haraka, bastola ya kuanzishia mbio ikiwa kwenye mkoba wake wa ngozi. "Fainali ya wanaume, mita sitini. Utatazama njia ya nne, ya tano na ya sita."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Njia ya nne ilikuwa ya Kishada.

Ukumbi mzima ulimjua Kishada. Watangazaji hawakuchoka kusema kwamba alikuwa fundi mwashi aliyeanza riadha ukubwani, kwamba katika nusu fainali hakuna aliyekimbia kama yeye, na kwamba kisigino kilikuwa kimemchosha kiasi kwamba daktari alishamwambia hizi ziwe mbio zake za mwisho. Kitu ambacho watangazaji hawakukijua ni kwamba huyu msaidizi mwenye jaketi jekundu alikuwa mchumba wake. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi hawa wawili walikuwa wamekohoa muda mrefu, midomo imezibwa kwa mto.

Walikutana pale shuleni kwake, alipokuja kujenga ukuta wa uwanja wa michezo. Siku moja wanafunzi wakubwa walimchokoza washindane naye mbio. Akaweka mwiko chini, akakunja suruali, akawaacha wote nyuma, shati lake lisilo na vifungo likipepea mgongoni kama kishada kilichokatika uzi. Jina lilimganda hapo hapo. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi.

"Wewe mtu," alimwambia, "huna haki ya kubeba zege."

"Na ukuta wako ataumaliza nani?" Kishada alijibu akihema, na alimtazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

Mwalimu ndiye aliyempeleka kwa kocha. Ndiye pia, miezi mingi baadaye, aliyempeleka kwa baba yake, na huko ndiko walikogonga mwamba. Baba yake alikuwa mwanzishaji mbio tangu ujana wake mpaka sikio moja likafa kwa milio ya bastola. Kazi ile ndiyo aliyomrithisha bintiye.

"Kijana simkatai," mzee alisema siku ile. "Ana adabu, na ana kazi ya mikono. Lakini mtu hawezi kumhukumu mchezaji asubuhi na kumpakulia chakula jioni. Siku ukimpendelea hata kwa unywele, jina letu litaliwa na watu kama mfupa. Akiacha kukimbia, aje. Mlango uko wazi."

Wakakubaliana hivyo. Mashindano haya ya kimataifa, kisha basi. Jumapili itakayofuata, wazee wa upande wa Kishada wangeleta posa. Mpaka hapo, waliojua walikuwa baba yake Mwalimu na mama yake Kishada tu.

Mwalimu alimkuta Kishada kwenye chumba cha kupasha mwili, ameketi sakafuni anazungusha bandeji kisiginoni. Kishada aliinua uso akatabasamu kabla hata ya kuangalia kama kuna anayewaona.

"Mwalimu. Umekuja kusahihisha?"

"Wamenihamishia kwenye fainali yako."

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini machoni liliondoka. "Njia zipi?"

"Yako imo."

"Basi kamwambie Mkuu."

"Nimwambie nini? Kwamba yule wa njia ya nne ananioa? Saa hizi, kamera zote zimeshawashwa?" Mwalimu alishusha sauti. "Kesho watachimbua mbio zote nilizosimamia na wewe ukiwemo. Watasema ulibebwa. Utakayechafuka ni wewe."

"Mimi nimeoga saruji nusu ya maisha yangu. Nichafuke na nini tena?"

"Sifanyi mzaha."

"Najua hufanyi." Aliacha bandeji, akamtazama. Yale macho. Mwalimu alitamani kuinama amfute jasho la kwenye nyusi, lakini mikono yake aliifunga nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Haya, kama huendi kumwambia, basi nitazame kwa macho yako yote. Nikikosea, nitoe. Usinionee haya."

"Nitakutoa kweli."

"Ndiyo maana nalala usingizi," Kishada alisema taratibu. "Najua kuna mtu mmoja asiyeweza kunidanganya."

Spika ilitangaza majina ya fainali. Alisimama, akajaribu kisigino, akakunja uso kidogo. Alipompita, kiganja chake kiligusa mkono wa jaketi jekundu, mguso mwepesi ambao mtu mwingine angeudhani wa bahati mbaya.

*

Mita sitini si mbio za kusimulia. Ukipiga chafya umezikosa. Kinachokaa moyoni ni ukimya wa kabla yake. Maelfu ya watu walinyamaza kwa pamoja mpaka zikasikika taa za darini zikivuma.

"Kwenye alama zenu!"

Wanaume wanane walipiga magoti, wakapachika miguu kwenye vyuma vya kuanzia. Mwalimu alichuchumaa pembeni, karibu kabisa, macho kwenye njia zake tatu. Aliona vidole vya Kishada vikijipanga nyuma ya mstari, vidole vile vyenye kovu la tofali. Akajilazimisha kuviona kama vidole tu.

"Tayari!"

Migongo ikapanda. Na katika kile kitambo kifupi kabla ya mlio, bega la mtu wa njia ya tano likacheza. Lilicheza kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kishada akachomoka. Bastola ikalia, kisha ikalia tena kuwarudisha, na ukumbi wote ukaguna.

Wakimbiaji walirudi wakitikisa miguu. Kishada alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kichwani.

Mkuu aligusa kifaa cha sikioni, akasikiliza, akamjia Mwalimu. "Mashine inasema njia ya nne ameondoka kabla ya mlio. Uliona kilichomwondoa? Kuna jirani aliyetikisika?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Kama jirani alimshtua, Mkuu angewaonyesha wote kadi ya kijani, wangeanza upya na hakuna ambaye angetoka. Kama hakuna aliyemshtua, ni kadi nyekundu, na njia ya nne kwaheri.

Mwalimu alifungua mdomo. Aliona, na alijua ameona. Kisha hofu ikamwingia. Je, kama lile bega halikucheza? Kama ni moyo wake ndio uliolichezesha, kwa kuwa ulikuwa unatafuta mahali pa kumfichia mchumba wake? Sauti ya baba yake ilimjia, ile sauti kubwa ya mtu mwenye sikio bovu. Hata kwa unywele.

"Sikuona kitu," alisema.

Mkuu alimtazama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Njia yako hiyo. Chukua kadi, nenda."

Alikwenda. Kishada alimwona akija na kadi mkononi, akateremsha mikono.

"Kuna kitu kilinishtua," alinong'ona. "Pembeni. Hukuona?"

Mwalimu aliinua kadi nyekundu mbele ya uso wake.

Sheria ilimpa Kishada nafasi ya kupinga palepale, akimbie kwanza, mambo yaamuliwe baadaye. Kila mtu alitegemea angefanya hivyo. Kocha wake alikuwa anapiga kelele kutoka jukwaani mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Lakini Kishada alimtazama Mwalimu usoni, kitambo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Akainamisha kichwa. Aliokota fulana yake, akatoka kupitia mlango wa pembeni akichechemea.

Fainali ikakimbiwa bila yeye. Yule wa njia ya tano alipata medali.

*

Simu ya baba yake ilimkuta chooni, amefungulia maji yamwagike tu.

"Uko peke yako?" mzee aliuliza kwa sauti yake ya kupasua. Hakungoja jibu. "Bega la njia ya tano lilicheza."

Mwalimu alifunga bomba.

"Nimeliona nikiwa hapa kitini, mbele ya televisheni, na miwani yenyewe ina mkono mmoja. Wewe ulikuwa karibu hata ungeweza kumsikia anavyopumua. Hukuliona?"

"Baba..."

"Hukuliona, mwanangu?"

"Nililiona."

Ikasikika televisheni ya mzee ikizimwa.

"Uliniambia nisimpendelee," Mwalimu alisema.

"Nilikwambia usimpendelee. Sikukutuma umdhulumu."

"Niliogopa labda ninaona ninachotaka kuona."

"Hofu hiyo ni mzigo wangu. Mimi ndiye niliyekutwisha." Mzee alikohoa, na kikohozi chenyewe kilikuwa na machozi ndani. "Nenda kwa Mkuu. Nenda sasa hivi, kabla hujavua hilo jaketi."

Mkuu alikuwa kwenye chumba kidogo cha waamuzi, mbele ya skrini. Picha ilikuwa imesimamishwa: migongo minane, na bega moja likiwa limepanda juu ya mengine.

"Picha ya upande huu imeletwa sasa hivi," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nakungoja."

Mwalimu alimweleza yote, amesimama mlangoni. Uchumba, posa ya Jumapili, baba yake, hofu. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani akajisugua macho.

"Ungeniambia mapema ningekupeleka kwenye kuruka juu, ukae huko ule karanga. Kwani nani angekuuliza?"

"Naweza kurekebisha nini?"

"Mbio zimeshakimbiwa. Yeye mwenyewe hakupinga. Hapa hakuna cha kurekebisha." Alinyoosha kidole kwenye kiti. "Acha jaketi hapo. Na nenda kamwambie wewe mwenyewe, kabla hajaliona bega hili kwenye simu ya mtu."

*

Kishada alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, mguu mmoja umenyooshwa, mfuko wa barafu juu ya kisigino. Pale hapakuwa na mtu. Alipomwona, alisogea kumpa nafasi ya kukaa.

"Umelia," alisema. "Usilie, bwana. Ulifanya kazi yako."

"Nisikilize kwanza..."

"Hapana, acha mimi nianze, nimelipanga hili tangu nikae hapa. Nisamehe. Nimekuweka mahali pabaya. Wewe wa kuninyanyulia kadi mbele ya dunia nzima! Nilikuwa nawaza Jumapili, nawaza baba yako atanikaribishaje, akili ikanitoka, nikaondoka kabla ya mlio. Kosa ni langu." Alicheka kidogo. "Eti kitu kilinishtua. Mtu akikosa hakosi kisingizio."

Mwalimu alikaa. Alihisi baridi ya saruji ikipenya nguo yake. Angeweza kunyamaza. Kwa kitambo kidogo alilitazama lile wazo kama mtu anavyotazama kitanda akiwa amechoka.

"Hukukosa," alisema. "Kuna kitu kilikushtua kweli. Bega la jirani yako wa njia ya tano."

Kishada aligeuka. "Wameliona kwenye picha?"

"Wameliona. Lakini mimi nililiona kabla yao. Palepale."

"Palepale wapi?"

"Ulipokuwa umesimama na mikono kichwani. Mkuu aliniuliza kama kuna jirani aliyetikisika. Nikasema sikuona kitu."

Barafu iliteleza kutoka kisiginoni ikaanguka ngazi ya chini. Hakuna aliyeiokota.

"Sijakuelewa," Kishada alisema.

"Umenielewa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa wewe."

Kishada aliangalia viganja vyake. Nje, watu waliokuwa wanatoka ukumbini walipita wakicheka, wakiimba jina la mshindi.

"Yule wa njia ya sita," aliuliza hatimaye. "Angekuwa yeye ndiye kashtuliwa, ungesema?"

"Ningesema."

"Ungejifikiria kwanza?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondokea mapajani.

"Basi leo mtu yeyote mle ndani angepata haki yake kwako. Hata mtu baki. Isipokuwa mimi."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema haraka, kama anayelipita jambo dogo. "Si hilo. Unajua nilifanya nini pale? Mwili wangu ulikuwa unapiga kelele, umeshtuliwa, umeshtuliwa. Nikakutazama usoni, nikauambia mwili wangu, nyamaza, wewe ni mwongo, Mwalimu hawezi kudanganya. Nilikuamini kuliko miguu yangu mwenyewe."

"Niliogopa wangesema nakupendelea."

"Na wataacha kusema lini? Nikigombana na jirani, utaniruka ili usionekane unanipenda? Watoto wetu wakisingiziwa, utasema hukuona?" Sauti yake haikupanda, laiti ingepanda. "Nilidhani mimi na wewe tunajificha kwa watu. Kumbe wewe unajificha kwangu pia."

"Nitajifunza. Nipe nafasi nijifunze."

"Utajifunza. Wewe ni mtu mzuri, hilo halina mjadala." Alimshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama. "Tatizo ni mimi. Nitakuwa nakaa mezani nakutazama, najiuliza leo ameona nini akanyamaza. Sitaki kukutazama hivyo. Nakupenda mno, siwezi kukutazama hivyo."

"Na Jumapili?"

"Nitawaambia wazee wasije."

Alisimama kwa kushika ukuta. Mwalimu alinyanyuka naye, mkono umenyooka kumpa bega la kuegemea, kwa mazoea. Kishada aliuona ule mkono.

"Usinifuate," alisema. "Ukinifuata nitageuka, nikigeuka nitarudi, na nikirudi leo tutaishi vibaya mpaka uzeeni."

Akashuka ngazi moja moja, mguu mbovu ukitangulia. Alipofika chini alisimama. Kisha akasukuma mlango, mwanga wa jioni ukaingia, ukatoka naye.

Mwalimu hakujua alikaa pale muda gani. Simu ilipoita aliipokea bila kusoma jina, akidhani ni Kishada.

"Mkwe wangu!" Alikuwa mama yake Kishada. "Afadhali wewe umepatikana. Mwenzio kazima simu. Nimesikia redioni walivyomtoa mwanangu. Yuko hapo?"

"Ametoka kidogo, Mama."

"Ukimwona mwambie mimi medali siijui rangi yake. Arudi tu, huo mguu upumzike. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Mama."

"Na wewe mbona sauti inatoka puani?"

"Baridi ya humu ndani."

"Pole. Kunywa kitu cha moto. Sasa nisikilize, maana mwenzio ukimwuliza habari za nyumba anakujibu saruji tu. Nimeona kitambaa cha pazia la chumba chenu, cha buluu. Fundi cherehani anasema buluu italeta giza. Wewe unasemaje?"

Mwalimu alifunika simu kwa kiganja mpaka kwikwi ikapita. Palikuwa na neno la kusema, na mwenye haki ya kulisema alikuwa ameshuka ngazi.

"Buluu ni nzuri, Mama."

"Si ndivyo nilivyomwambia! Haya basi, nisikuchoshe, nitakuacha..."

"Mama," Mwalimu alisema haraka. "Na dirisha liko upande gani?"

Mama alimweleza dirisha. Alimweleza na mlango unavyofunguka, na mahali atakapoweka kitanda ili jua la asubuhi lisiwapige machoni. Mwalimu aliegemeza kichwa ukutani, akawa anaitikia, ndiyo Mama, sawa Mama; na kila mama alipotaka kuaga, alimtafutia swali jingine.